Skrubu ya Mwisho

Msikilizaji, tazama kinachotokea gari la zamani linapoanza kusumbua. Linakohoa likipanda mlima, au linatoa moshi mweusi, au linazima kila likisimama kwenye mataa. Boneti inafunguliwa, chujio la hewa linatolewa, na kabla mtu hajauliza swali lolote bisibisi imeshaingia kwenye skrubu ya kabureta. Robo mzunguko kulia, nusu kushoto, injini inanguruma, inatulia, watu wanapeana mikono. Baada ya wiki gari limerudi palepale. Ninachotaka kukitetea leo ni kwamba ile skrubu ni kitu cha mwisho kuguswa katika kazi nzima ya kabureta, na anayeanza nayo hajatyuni chochote, amefunika ugonjwa kwa shuka. Nitaitetea hoja hii nikiwa na gari moja tu mbele yangu, kwa sababu kabureta hazifanani, na anayezizungumzia zote kwa mkupuo haishii kuielezea hata moja. Gari lenyewe ni Land Rover ya petroli yenye injini ya sentimita za ujazo 2,286, injini iliyokuja na Series II mwaka 1958 ikaendelea mpaka Series III. Huku kwetu halihitaji utambulisho. Kiwanda cha Thika kilikuwa kikiunganisha Land Rover tangu miaka ya 1970. Askari wa wanyamapori, wamisionari na maafisa wa wilaya wamezeeka ndani yake. Na Oktoba 2024 Land Rover za rika mbalimbali zilijaa Arusha kwenye tamasha lao. Zile za petroli ambazo bado zina injini zao za kuzaliwa ndizo ninazozisema.

Kwanza tukubaliane kabureta ni nini. Wengi huichukulia kama bomba la maji: fungua, petroli nyingi, funga, petroli kidogo. Mimi naona inafanana zaidi na mizani ya muuza nafaka asiyepata nafasi ya kupumzika. Ili petroli iungue yote pasibaki petroli wala hewa, kila gramu 1 inataka hewa gramu 14.7. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi, lita 1 ya petroli humaliza hewa takribani lita 9,000, yaani stoo ndogo nzima ya nyumbani kuanzia sakafuni hadi darini. Kabureta inatakiwa ivilinganishe vitu hivyo viwili wakati injini imetulia, wakati inapanda mlima na mzigo, wakati dereva ameondoa mguu ghafla, na haina umeme wala kompyuta ya kuisaidia. Ujanja wake ni mmoja. Hewa inayovutwa na pistoni hupitishwa kwenye koo lililobanwa katikati. Ikifika palipo pembamba huongeza kasi, na ikiongeza kasi mgandamizo wake hushuka. Daniel Bernoulli aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1738, kisha Mwitalia Giovanni Battista Venturi akalichunguza ndani ya mabomba, hata koo la namna hii likabaki na jina lake. Petroli inasubiri pembeni kwenye bakuli, kina chake kikilindwa na boya na sindano, kama lile boya la tangi la choo linavyofunga maji yakijaa. Kooni mgandamizo umeshuka, bakulini haukushuka. Tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma petroli ipite kwenye kitundu cha shaba tunachokiita jeti, imwagike kwenye upepo. Hewa ikikimbia zaidi, petroli inafuata zaidi.

Ujanja huo una upungufu mmoja, na upungufu huo ndio uliozaa ile skrubu. Injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma polepole gari limesimama, kibati cha mviringo kilicho chini ya koo kinakuwa karibu kimefunga kabisa. Hewa inayopita ni haba, kooni hakuna mvuto wa maana, na jeti kuu imelala usingizi. Kwa hiyo waundaji walichonga njia ya pili, nyembamba, yenye jeti yake ndogo, inayotokeza chini ya kibati ambako mvuto wa pistoni ni mkali. Skrubu ya mchanganyiko ipo kwenye njia hiyo ya pili, na kwingine haipo. Ukikanyaga mafuta ukashika mwendo wa safari, jeti kuu inaamka na ile njia ndogo inabaki na mchango wa kijiko kwenye sufuria. Sasa niambie, gari linalomaliza tangi kati ya Chalinze na Segera litaponaje kwa skrubu inayotawala pale tu gari linaposimama? Ni kumpaka mtu dawa ya goti kwenye kiwiko. Lakini skrubu hiyo ina sifa moja inayoipa mashabiki: inajibu papo hapo. Ukiizungusha, sauti inabadilika, na mwenye gari anasikia kwamba kazi imefanyika. Jeti kuu haitoi jibu mpaka uende nayo barabarani. Na jirani yake, skrubu ya mwendo, ni mdanganyifu zaidi. Kitabu cha gari hili kinataka injini izunguke takribani mara 500 kwa dakika ikiwa imetulia. Ukiikaza skrubu ile mpaka mizunguko 1,000, gari litaacha kuzima kwenye mataa, kweli, kama vile mgonjwa wa homa anavyoacha kutetemeka akirundikiwa mablanketi.

Tuanzie wapi basi? Mimi nasema tuanzie mahali ambapo petroli haifiki kabisa. Kabureta ni mshitakiwa anayekamatwa kwa sababu alionekana karibu na tukio. Cheche ikiwa dhaifu, petroli iliyopimwa sawasawa haitaungua yote. Itatoka nyuma ikiwa moshi mweusi, na kila mpita njia atasema kabureta inamwaga. Platini za injini hii zinatakiwa zifunguke kati ya milimita 0.35 na 0.40, zikichakaa au kondensa ikifa, dalili zinafanana sana na za jeti iliyoziba. Tapeti zinatakiwa nafasi ya milimita 0.25; vali isipokaa vizuri kwenye kiti chake, mvuto wa pistoni unapungua, na kabureta inayoishi kwa kutegemea mvuto huo inaonekana imelegea wakati imenyimwa riziki. Kisha kuna hewa ya wizi. Gasketi iliyopasuka kati ya kabureta na manifoldi inaingiza hewa ambayo haikupita kooni, kwa hiyo hakuna aliyeipima, na hakuna skrubu ya kuisahihisha. Kuitafuta ni rahisi: injini ikiwa inanguruma, nyunyiza maji kidogo kidogo kwenye maungio, pale maji yanapovutwa ndani na mlio ukabadilika, ndipo penye wizi. Watu wengine hunyunyiza petroli kwa kazi hiyo juu ya bomba la moshi lenye moto. Sitasema zaidi ya kwamba maji yanapatikana kila mahali.

Ukishamaliza hayo yote na gari bado linasumbua, sasa una haki ya kuifungua kabureta, na hapo ndipo anaponingoja adui mkubwa kuliko bisibisi, naye ni waya. Jeti ikiziba, mkono wa haraka hutafuta kipande cha waya wa breki ya baiskeli na kuchokonoa. Uchafu unatoka, na mtu anaona ametengeneza. Naomba msikilizaji anifuate kwenye hesabu kidogo, kwa maana hoja yangu nzima imesimama hapa. Kwenye kabureta za Solex na Weber, namba iliyogongwa kwenye jeti ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita: 125 maana yake milimita 1.25. Sasa chukua gari lililotyuniwa vizuri Mombasa ulipeleke Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani asilimia 15. Koo la kabureta halijui uzito wa hewa, linajua tofauti ya mgandamizo tu, kwa hiyo petroli haipungui kwa kiasi kilekile ambacho hewa imepungua. Ukipiga hesabu, mchanganyiko unazidi petroli kwa asilimia 8 hivi. Badala ya gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, unapata kama 13.5. Gari linakuwa zito na linanusa petroli. Ili kulirudisha sawa, tundu la jeti lipungue eneo kwa asilimia hizo 8. Na tofauti hiyo ni ipi kwa upana? Ni kutoka 125 kuja 120. Sehemu 5 za mia za milimita, chini ya unene wa unywele. Kupanda kote kule, kupita Voi na Mtito Andei mpaka Nairobi, kunalingana na unywele mmoja ndani ya tundu la shaba. Shaba ni laini, waya wa breki ni chuma. Aliyechokonoa mara tatu ameshalihamisha gari mkoa bila kulitoa gereji, na hakuna kifaa kwenye sanduku lake la vyuma kitakachomwonyesha alichofanya. Jeti husafishwa kwa kulowekwa kwenye dawa na kupulizwa hewa ya kompresa kutoka upande wa pili. Ikikataa, inunuliwe nyingine yenye namba ileile.

Hesabu hiyohiyo inazaa swali la haki: je, mwenye gari la Dar es Salaam anayepanda hadi ukingo wa Ngorongoro, kwenye mita kama 2,300, afunge jeti ya wapi? Afunge ya mahali pa chini kabisa ambapo gari litafanya kazi nzito. Petroli ikizidi kidogo mlimani, hasara ni pesa na masizi kwenye plagi. Petroli ikipungua pwani, gari likiwa na mzigo na joto, vali zinaungua. Na nguvu iliyopotea kwa uchache wa hewa mlimani hairudishwi na jeti yoyote, wala na fundi yeyote, ingawa wapo wanaoahidi.

Sasa tuingie ndani ya kabureta yenyewe. Land Rover za mwanzo zilifungwa Solex. Kabla miaka ya 1960 haijaisha ikaja Zenith 36 IV, na hiyo ndiyo nitakayoifungua kwa kuwa ina kasoro moja inayofundisha kuliko vitabu vingi. Kabureta hii imeungwa kwa vipande vya aloi laini: kiwiliwili, mfuniko, na bloku inayobeba jeti na njia zake, ambayo imening'inia chini ya mfuniko. Petroli na hewa hutoka kipande kimoja kwenda kingine kupitia matundu yanayokutana uso kwa uso. Nyuso zikiwa bapa, kila njia iko peke yake. Zikipinda, njia zinachanganyika, na petroli inapita mahali ambapo mchoraji hakuikusudia. Na zinapinda kwa mkono wa binadamu. Mtu aliona petroli inatiririka pembeni, akakaza skrubu. Alipokaza, pembe zilishuka na katikati pakanyanyuka. Pakavuja zaidi, akakaza zaidi. Miaka thelathini ya mikono ya namna hiyo, na uso ukawa kama kigae cha paa.

Kuugundua upinde huo hakuhitaji mashine. Geuza mfuniko, futa gasketi yote iliyobaki, chukua rula ya chuma, isimamishe kwa ubavu juu ya uso, inua vyote viwili usawa wa jicho ukielekea dirishani. Mwanga ukipenya chini ya rula katikati au pembeni, umepata sababu ya miezi sita ya kuzungusha skrubu. Dawa yake ni kioo kinene cha meza, msasa wa maji, na subira. Paka uso wino wa kalamu nene. Laza msasa juu ya kioo, lowesha, sugua kipande kwa mwendo wa namba nane huku ukikibonyeza sawa pande zote, kisha tazama. Palipoinuka wino umekwisha, penye bonde wino umebaki. Unasugua na kutazama, unasugua na kutazama, mpaka wino uondoke wote kwa pamoja. Si kazi ya kujivunia mbele ya watu. Haina mlio wala moshi, na mteja akiingia anakuta mtu anasugua kibati kwenye kioo kama anasaga dawa ya kienyeji. Lakini nathubutu kusema kwamba kwenye Zenith hii dakika arobaini za msasa zina thamani kuliko siku nzima ya bisibisi. Kisha kuna pete ndogo ya mpira inayoziba mojawapo ya njia za bloku. Ikikauka, au aliyetangulia akiisahau kwa kuwa haikuwemo kwenye pakiti ya gasketi aliyouziwa, injini hunywa petroli ovyo ikiwa imetulia, na dalili yake ni ya kuchekesha: unaifunga skrubu ya mchanganyiko mpaka mwisho, na injini inaendelea kunguruma kana kwamba hujaigusa. Gari likikuonyesha hivyo, limeshakwambia lenyewe kwamba ugonjwa hauko kwenye skrubu.

Mengine nitayapitia upesi. Shina linalobeba kibati cha mviringo, ukilishika na likacheza huku na huku, linaingiza hewa ya wizi, nalo litiwe bushi. Boya likiwa la shaba, lizamishwe kwenye maji ya moto, na mapovu yakitoka basi lina tundu. Sindano yenye mkunjo kwenye ncha ibadilishwe pamoja na kiti chake, maana vilizoeana. Pampu ndogo ya kuongezea petroli ikichakaa, gari litasita kila ukikanyaga ghafla. Na bakuli lisafishwe, kisha ujiulize huo uchafu ulitoka wapi. Miaka fulani tulipewa neno jipya kwa ajili ya jibu hilo: kuchakachua. Kabla wanasiasa hawajalichukua, lilikuwa neno la vituo vya mafuta, petroli iliyoongezwa mafuta ya taa kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Tanzania ilianza kutia alama kwenye mafuta mwaka 2010 na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa; Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyohiyo. Petroli ya namna hiyo haigeuki mvuke vizuri kwenye koo lililotengenezewa petroli tupu, na hakuna namba ya jeti iliyoandikiwa mchanganyiko wa mwizi.

Najua kuna fundi mzee ananisikiliza sasa hivi na anatikisa kichwa. Anasema: miaka yote nimetyuni kwa sikio, na magari yanakwenda. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ni la kweli kwa nusu. Sikio lililozoea hutambua tofauti ndogo kwenye sailensi kuliko saa nyingi za kupimia za bei nafuu. Tatizo ni kwamba sikio husikia pale tu gari liliposimama. Halisikii kinachotokea kwenye kilomita 60 kwa saa Land Rover ikiwa imebeba watu kumi na magunia. Kwa mwendo huo shahidi ni plagi: kimbiza gari lenye mzigo, zima injini hukohuko barabarani bila kuiacha itulie kwanza, toa plagi uisome. Masizi makavu meusi, petroli imezidi; weupe wa chokaa, imepungua; rangi ya chai ya maziwa, acha kama ilivyo. Nakiri kwamba tangu madini ya risasi yalipoondolewa kwenye petroli yetu plagi hazizungumzi wazi kama zamani, lakini bado zinazungumza. Na kuna saa ya kupima mvuto wa manifoldi, ambayo nayo ina mtego wake. Vitabu vya Ulaya vinasema injini nzima husoma inchi 18 hadi 21 za zebaki. Vitabu hivyo viliandikwa karibu na usawa wa bahari. Nairobi injini hiyohiyo, ikiwa na afya tele, itasoma karibu inchi 6 pungufu, kwa kuwa hewa yenyewe haina mgandamizo zaidi wa kutoa. Anayesoma 14 akafungua kitabu cha Uingereza atahukumu injini isiyo na kosa, aanze kuitoa silinda hedi. Kwa hiyo simwambii mzee atupe sikio lake akumbatie saa. Namwambia sikio lije mwishoni, baada ya rula, msasa na plagi, likute kazi inayolistahili.

Pingamizi la pili ni la mfukoni, na linatoka kwenye gereji bubu ambako ndiko magari haya yanakoishi. Ya nini kusugua vibati? Kabureta mpya ya kuiga ipo dukani, na ya mtumba ya Toyota au Nissan ipo chini ya mwembe. Unaifunga kwa kibati cha kuunganishia, gari linaondoka leo. Siwezi kumlaumu mtu mwenye ng'ombe wa kuwahi mnada wa Simanjiro kesho asubuhi. Kabureta ya kuazima itamfikisha. Lakini tuseme ukweli kuhusu alichonunua. Jeti za kabureta ya Toyota zilichaguliwa kwa ajili ya koo lake, na koo hilo kwa injini nyingine yenye ujazo mwingine. Ili ziwe sawa kwenye Land Rover inabidi zichaguliwe upya, yaani ile kazi ya kupima aliyotaka kuikwepa inamngoja pale pale, safari hii bila kitabu cha kumwongoza. Mara nyingi haifanywi, na gari linaishi likinywa mafuta miaka mingi, pesa inayotosha pakiti za gasketi kwa dazeni. Nakala mpya za Zenith nazo zinatofautiana: nyingine nzuri, nyingine uso wake umepinda ukitoka kwenye boksi. Anayejua kutumia rula atazitenga hapohapo dukani. Kuna hali ninayokubali kushindwa. Kiwiliwili kikiwa na ufa, au tundu la shina limelika hata bushi haishiki, kabureta hiyo imemaliza utumishi wake na kuibembeleza ni kupoteza muda.

Wa tatu ni kijana wa kompyuta. Anauliza kwa nini tusitupe kabureta yote tukafunga mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme, unaopima hewa wenyewe na kujirekebisha kutoka Bahari ya Hindi hadi Ngorongoro bila mtu kubeba jeti mfukoni. Kiufundi ana haki, na sioni faida ya kumbishia. Hesabu niliyoifanya ya Mombasa na Nairobi, mfumo ule huifanya mara nyingi kwa sekunde. Moshi wake ni safi zaidi, na ndiyo sababu viwanda vya magari viliiacha kabureta kufikia miaka ya 1990. Kama shabaha ni usafiri, anunue gari la mfumo huo. Mwenye Land Rover ya 1965 anataka kitu kingine: anataka ile injini ifanye kazi jinsi ilivyokusudiwa, na kabureta ni sehemu ya makusudio hayo kama usukani ulivyo. Ukiweka pampu ya mgandamizo, vihisio na waya mpya kwenye gari ambalo dinamo yake inahangaika hata kuwasha taa, umeongeza vitu vya kuharibika porini kuliko ulivyopunguza. Zaidi ya hapo, anayefunga mfumo wa umeme kwenye injini yenye gasketi inayovuja na vali zilizobana atapata ugonjwa uleule kwa bei kubwa zaidi.

Basi tuseme yote yamefanywa. Nyuso ni bapa, pete ya mpira ni mpya, boya limepimwa, platini na tapeti ziko sawa, jeti ni ya namba inayotakiwa. Sasa skrubu. Kabla hujawasha, ifunge taratibu mpaka iguse, usiikaze, kwa sababu ncha yake ni laini na kiti chake ni cha aloi; kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu kama mahali pa kuanzia. Washa, endesha gari kilomita kadhaa mpaka injini ipate joto lote na choki iwe imefunguka kabisa. Shusha mwendo kwa skrubu ile nyingine hadi injini ikaribie kuzima. Funga skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka injini ianze kumisi, hesabu. Ifungue mpaka ianze kunguruma kwa uzito na kuyumba, hesabu tena. Irudishe katikati, pale ambapo mlio uko juu na umenyooka. Rekebisha mwendo, rudia mara moja. Dakika tano hazipiti. Ukiona inakuchukua nusu saa, zima, kwa sababu kuna kitu umekiruka nyuma huko. Halafu chukua brashi ndogo na rangi nyeupe, na ndani ya boneti, karibu na bawaba, andika namba ya jeti kuu, mizunguko ya skrubu, na jina la mji ulipoitegea.